Huruma Yenye Utaratibu

Mzee wa Kanisa hakuwahi kumpa mtu kitu kabla ya kumwuliza maswali matatu. Wewe ni wa nyumba gani? Kabla ya kuja kwangu umemwomba nani? Ukishapewa, utakifanyia nini? Aliyejibu yote vizuri alipewa kigoda, akasomewa neno, akaombewa kwa kirefu, kisha akaambiwa kwamba shauri lake litafikishwa kwenye kamati. Watu wenye njaa ya siku moja waliweza kuisubiri kamati. Wenye njaa ya siku tatu walipita kwake kimya kimya, wakaenda kupiga hodi nyumba ya pili.

Kamati yenyewe ilikuwa yake. Iliitwa Kamati ya Huruma, nayo ilikuwa na watu watano: yeye mwenyekiti, karani mmoja aliyejua kuandika kwa wino, na wazee watatu wa kukubali. Walikutana kila wiki kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa letu, mwendo wa nusu siku kutoka Kinyangiri, na sijasikia kwamba waliwahi kumaliza ajenda. Mambo yaliyobaki yaliahirishwa. Kulikuwa na mjane mmoja ambaye ombi lake la blanketi liliahirishwa mpaka akaolewa tena.

"Huruma bila utaratibu ni fujo," Mzee wa Kanisa alikuwa akisema. Aliisema mimbarini, aliisema kisimani, na siku moja nilimsikia akiwaambia kuku wake wakati mkewe anawamwagia mtama.

Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani, sijui, na sikumbuki mtu aliyeuliza. Nilipoanza kumwona alikuwa tayari mzee, tena tayari ndani ya lile koti. Lilikuwa koti jeusi zito, lililokuja katika mzigo wa nguo kutoka kwa wafadhili wa Ulaya, na lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye theluji. Yeye alilivaa juu ya kaptula ya kaki, mwezi wa kumi, kwenye jua la kwetu linalopasua udongo. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye magoti. Mtu akimwambia alivue apumzike, alijibu kwamba aliyelitoa huko alikolitoa alilitoa ili livaliwe, na yeye hawezi kumvunja moyo mtu asiyemjua.

Hilo lilikuwa jambo moja la kushangaza kwake. Watu wasiojulikana aliwahurumia sana. Aliwaombea wenye njaa wa nchi zilizo mbali kiasi kwamba alishindwa kuyatamka majina yake, na sauti yake ilitetemeka kwelikweli. Akifika kwa wenye njaa wa kijijini kwetu sauti ilirudi kawaida, kwa sababu hao aliwajua, na alikuwa na maswali.

Wakati ule Bwana Shauri, mzungu wa serikali ya wilaya, alikuwa amewaleta wafungwa watengeneze barabara ya kwenda Nduguti. Walipofika karibu na kisima chetu wanawake wakawapelekea maji, mtungi ukapita mkono kwa mkono. Mzee wa Kanisa akaja mbio, koti linapepea, akausimamisha mtungi.

"Ngojeni kwanza. Hapa hamna utaratibu."

Akawapanga mstari. Kisha akataka waanze kunywa wale wenye makosa madogo, wa makosa makubwa wafuate. Akaanza kumwuliza mmoja mmoja alifungwa kwa nini. Kila mfungwa akaapa kwamba hakufanya kitu. Alipofika kwa mtu wa tisa asiye na kosa, askari akapiga filimbi, kundi likaondoka, na mtungi ukabaki umejaa.

Wanawake walicheka siku nzima. Lakini kesho yake, nilipokuwa nachota, nilimwona yuko peke yake barabarani na mtungi begani, anawanywesha wafungwa jinsi walivyokuja, hata bila kuwapanga. Nikamsalimia.

"Shikamoo, Mzee. Leo huwaulizi makosa?"

"Marahaba. Orodha nimeisahau nyumbani," akasema, na akaona aibu kana kwamba nimemkuta akiiba.

Kwa hiyo mjue tangu mapema kwamba alikuwa mtu wa namna hiyo. Ila mimi sikulijua hilo kwa miaka mingi, kwa sababu ya punda.

Kila mwaka Mzee wa Kanisa alihubiri habari za Msamaria Mwema. Wahubiri wengine husema juu ya yule aliyepigwa na wanyang'anyi, au juu ya kuhani aliyepita kando. Yeye alisema juu ya punda. Alimsifu punda wa Msamaria kwa uvumilivu wake, kwa mgongo wake, kwa jinsi asivyouliza anabeba nani. Mara mbili nimemwona mzee huyu akilia machozi kwa ajili ya punda wa Maandiko. Naye mwenyewe alikuwa na punda, mnyama mnene wa kijivu, mwenye ngozi inayong'aa, ambaye alikuwa hajabeba kitu tangu anunuliwe. Ukimwomba akuazime, alikuambia kwamba punda wa Msamaria alikuwa na nafasi siku ile. Huyu wa kwake alikuwa anapumzika.

Mama yetu alipougua, miezi minane baada ya kumzika baba, nilikwenda kuazima yule punda ili nimpeleke mama zahanati. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Darasani nilikuwa nimeishia la tatu, mwaka ule baba alipoanza kulala kwa ugonjwa, kwa sababu ilibidi mtu mmoja abaki nyumbani. Mzee wa Kanisa alinipa kigoda, akaniuliza yale maswali matatu.

"Kabla ya kuja kwangu umemwomba nani?"

"Sijamwomba mtu, Mzee. Mama hawezi kutembea."

"Anaweza kukaa juu ya punda bila kuanguka? Maana akianguka, lawama ni ya punda."

Nikasema nitamshika. Akasema ni jambo zito, apewe nafasi alifikirie. Alikuwa bado analifikiria wakati Mzee Kiula na wanawe wawili walipokuja kwetu, wakampakia mama kwenye kitanda cha kamba, wakambeba mabegani mpaka zahanati. Mzee Kiula alikuwa jirani yetu wa upande wa kisima. Hakusali popote. Kanisani walimwita mpagani, na yeye aliitika.

Mama alifia kule zahanati baada ya siku nne. Dresa, mganga wa pale, alisema hata angefika mapema ingekuwa vilevile. Huenda ni kweli. Lakini kila nilipopita nyumbani kwa Mzee wa Kanisa nikamwona yule punda anatafuna, sikuweza kumtazama.

Tulibaki wanne. Mimi, Elia wa miaka kumi na mmoja, Raheli wa minane, na Zakaria, ambaye alikuwa na miaka mitatu na hajatembea bado kwa sababu ya miguu yake. Wiki ya pili baada ya matanga, Kamati ya Huruma ikaja uani kwetu, watu wote watano, na karani kashika daftari.

"Binti," akasema Mzee wa Kanisa, "tumekuja kwa huruma."

Raheli akaanza kulia hapohapo. Watoto wana akili.

Walikuwa wamekuja kutugawa. Karani, aliyekuwa na ng'ombe wengi, alisema moyo wake umeguswa na Elia. Alimwona kijana yule ana mapenzi na mifugo. Mzee wa kwanza wa kukubali alisema mkewe anasumbuliwa na mgongo, hawezi tena kusaga, kwa hiyo wamesukumwa kumlea Raheli. Wa pili alikuwa na ndugu yake aliyefiwa na mke, mtu wa makamo, mcha Mungu, ambaye angeweza kunihifadhi mimi kwa njia ya ndoa. Kisha wote wakamtazama Zakaria, aliyekuwa amekaa mchangani anakula kokoto.



"Huyu mdogo," akasema karani, "tumwombee."

Nilikuwa nimeapa mbele ya mama kwamba tutakaa pamoja. Sikuwa na maneno mengine, nikasema hayohayo. "Sisi hatugawiwi, Mzee. Tutakaa hapa."

Mzee wa Kanisa aliitazama nyumba. Ilikuwa tembe kama za wote, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo mzito juu ya boriti. Lakini boriti ya katikati ililiwa na mchwa tangu baba akiwa mgonjwa, na paa lilikuwa limebonyea kama mgongo wa ng'ombe mzee. Mvua ya kwanza ikinywewa na udongo ule, zigo lote lingetuangukia usingizini.

"Na hii nyumba?"

"Tutaitengeneza."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Akamgeukia karani. "Andika. Paa likitengenezwa kabla ya mvua ya kwanza, watoto wakae. Lisipotengenezwa, wagawanywe." Karani akaandika kwa furaha, maana ulikuwa umebaki mwezi mmoja, na alishaona boriti ile.

Sasa lazima niseme jinsi paa linavyotengenezwa kwetu. Hakuna mtu anayelitengeneza peke yake. Unapika pombe ya mtama, unatoa habari, na alfajiri majirani wanakuja na majembe yao. Wanaume wanakata na kupandisha boriti, wengine wanachimba udongo, wanawake wanaleta maji, nyimbo zinaimbwa, na jioni nyumba imesimama na mitungi imekauka. Ndivyo ilivyokuwa tangu watu wakae Iramba. Lakini sisi tulikuwa Wakristo, na Mkristo alikatazwa kuinywa pombe na kuipika. Kwa hiyo Wakristo walitengeneza mapaa yao wenyewe, baba na mwana, kidogo kidogo, au hawakutengeneza. Mtu angeweza kusimama mlimani akawahesabu waumini wa kijiji kizima kwa kutazama mapaa yaliyobonyea.

Mzee Kiula alikuja kutuletea maziwa kama kila asubuhi, akainua macho akaitazama boriti.

"Mjukuu wangu, pika pombe. Ikiiva nakuletea watu ishirini."

"Nikipika, babu, nitatengwa. Halafu watasema watoto hawawezi kukaa na mpika pombe."

"Kwa hiyo nyumba iwaangukie, lakini kwa heshima."

"Ndiyo, babu."

"Dini yenu ngumu," akasema, akaniachia kibuyu cha maziwa, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Mzee wa Kanisa alisimama akatangaza jambo ambalo halijapata kutokea. Kutakuwa na Kazi ya Huruma. Waumini wote, na hata majirani wasioamini, wanaalikwa kutengeneza nyumba ya yatima siku ya Jumatano. Badala ya pombe watakunywa togwa, kinywaji kitamu, safi, kisichokatazwa. Wataimba nyimbo za kitabuni. Waumini wakaitikia amina, lakini niliwaona wanaume wakitazamana. Hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kubeba boriti kwa ajili ya togwa. Togwa ni ya watoto na ya wanawake waliojifungua.

Nilikuwa na debe moja la uwele, la mwisho, tulilokuwa tunalila kwa kipimo. Jumatatu nikalipika lote. Nikakoroga uji, nikaupoza, nikatia unga wa kimea, nikafunika mitungi. Kufika Jumatano asubuhi ilikuwa togwa tamu kabisa, na uani alikuwa amefika mtu mmoja tu, Mzee wa Kanisa mwenyewe, kabla ya jua. Akaomba kikombe. Akaonja kidogo, akakunja uso, akauliza kama nimebakiza unga mwingine. Nikamwambia hakuna.

"Basi kazi imeahirishwa," akasema. "Karani hajamaliza kuandika orodha ya nyimbo. Itakuwa Ijumaa."

Nilitaka kulia. Nilimweleza kwamba togwa haingoji. Kila mwanamke anajua. Ukiifunika siku moja ni tamu, siku mbili inaanza kuchachuka, siku nne si togwa tena. Akanijibu kwamba huruma bila utaratibu ni fujo, akaondoka na koti lake.

Alhamisi jioni nilifunua mtungi. Ilikuwa inachemka bila moto, povu limesimama juu. Nikachovya kidole, nikaonja, ulimi ukaniwaka. Nilijua kabisa nilichonacho ndani ya nyumba. Uwele mwingine sikuwa nao, siku nyingine sikuwa nazo, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nikafunika mtungi, nikanyamaza. Nayaandika haya leo kwa mkono wangu ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

Ijumaa alfajiri walikuja watu kumi na wanne, zaidi ya nilivyotegemea. Kamati yote ilikuwapo, karani na orodha yake ya nyimbo, waumini saba, pamoja na Mzee Kiula na mwanawe mkubwa, ambao walisema wamekuja kutazama dini. Na nyuma yao, ajabu ya mwaka ule, alikuja punda. Mkewe Mzee wa Kanisa alikuwa anamswaga, na mgongoni alikuwa na mapipa mawili ya maji.

"Punda ameazimwa na kamati," akasema Mzee wa Kanisa bila kunitazama. Kisha akaomba sala ndefu. Alipomaliza akasema kila kitu cha huruma lazima kikaguliwe, akataka kikombe. Nikamchotea. 

Alikunywa chote, polepole, koo linapanda na kushuka. Akajifuta midomo kwa mkono wa koti. Akaitazama boriti. Nikangoja.

"Togwa nzuri," akasema. "Tuanze."

Sitaki kuwasema vibaya waumini wa kijijini kwetu. Walikuwa na kiu, na walikuwa wamekaa mbali na pombe kwa miaka kumi au zaidi. Kikombe cha kwanza walikunywa wakasifu utamu wake. Cha pili hawakusema kitu. Baada ya cha tatu, wimbo wa kitabuni uliokuwa unaimbwa kama kilio msibani ulianza kwenda mbio, kisha mtu akauwekea kiitikio cha palizi, na majembe yakaanguka kwa pamoja. Mzee Kiula alikunywa, akasimama, akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Mjukuu," akasema kwa sauti ya chini, "kumbe dini yenu si ngumu kama nilivyofikiri. Nani anawabatiza?"

Boriti ya zamani ilishushwa kabla ya saa nne. Mpya ilipandishwa na wanaume wanane waliokuwa wanashindana nani abebe upande mzito. Udongo ulipanda kwa vikapu kama siafu wanavyopanda. Mzee wa pili wa kukubali, ambaye kwa miaka mitano sikuwahi kumsikia akisema neno ila "nakubali", alipanda juu ya paa akataka kutoa hotuba. Karani alimkumbatia Mzee Kiula akamwita ndugu yake, akalia, akamwahidi ndama. Kabla jua halijashuka paa lilikuwa limelazwa, limepigwa, limesawazishwa, na karani alikuwa amelala shimoni tulipochimba udongo, orodha ya nyimbo kifuani.

Mzee wa Kanisa alikuwa amefanya kazi siku nzima ndani ya koti lake. Baada ya kile kikombe kimoja hakunywa tena.

Mvua ilikuja usiku wa Jumamosi. Tulilala tukisikiliza, wote wanne kwenye ngozi moja, na hapakudondoka tone. Jumapili akaja mmisionari.

Habari zilikuwa zimemfikia kabla hajashuka kwenye gari lake. Baada ya ibada waumini waliambiwa wabaki. Mmisionari alikuwa mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa kigumu lakini sahihi.

"Nimeambiwa Ijumaa watu wa kanisa hili walilewa kwenye nyumba ya yatima. Nani alipika?"

Karani, ambaye kichwa kilikuwa bado kinamuuma, akaninyooshea kidole. Nikasimama na Zakaria mgongoni. Nilijua maneno yanayofuata. Mpika pombe, atengwe, na watoto watolewe nyumbani kwake wapewe malezi mema. Karani alikuwa ameshafungua daftari. Elia akanishika nguo.

Kabla sijafungua kinywa, Mzee wa Kanisa akasimama kule mbele. Tulijiandaa kwa hotuba. Mtu yule hakuweza hata kusalimia bila utangulizi.

"Huyu binti alipika togwa," akasema. "Niliikagua mimi kabla haijanywewa. Nilionja, nikajua ni pombe, nikairuhusu. Andika jina langu."

 Mmisionari akamtazama kama mtu aliyeona ukuta unatembea.

"Wewe? Kwa nini?"

"Paa lilikuwa bovu, Bwana."

Akakaa. Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa, na ndiyo pekee ninayoikumbuka neno kwa neno.

Walimvua uzee wa kanisa kwa miezi sita. Waliokunywa walikemewa tu, kwa kuwa walidanganywa na mkaguzi. Mimi niliambiwa niketi, nikaketi. Miezi ile sita Mzee wa Kanisa alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na mtu aliyeoa mke wa pili na kijana aliyempiga baba yake. Msidhani alinyenyekea. Alilipanga benchi lile. Wenye makosa madogo wakae kwa ndani, wa makosa makubwa kwa nje wapate hewa. Yule wa wake wawili alilalamika kwamba kutengwa si kitu, ila kutengwa na mzee huyu ni adhabu ya pili.

Karani hakuwa amekata tamaa juu ya Elia. Alileta tena shauri letu, kwamba kwa kuwa paa lilitengenezwa kwa pombe, ni kama halikutengenezwa. Lakini kwa utaratibu wa kamati, uamuzi wowote wa yatima ulihitaji mkono wa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ametengwa. Wakamfuata kule nyuma.

"Siwezi kutia sahihi," akasema. "Mimi ni mwenye dhambi. Ngojeni nirudishwe."

Aliporudishwa, akasema shauri la zamani haliwezi kuamuliwa kabla ya ajenda zilizolitangulia. Zilikuwa nyingi. Shauri letu halikufutwa kamwe. Liliahirishwa wiki hadi wiki mpaka Elia akaota ndevu, akaenda kufanya kazi ya reli Itigi, Raheli akaolewa Mgori, na Zakaria, kwa miguu yake ileile, akatembea na fimbo mpaka akawa mwalimu. Nafikiri mpaka leo liko kwenye daftari, kama daftari halijaliwa na mchwa.

Sikumshukuru. Nilitaka, lakini kila nilipokaribia niliona punda.

Nilikwenda kwake mara ya mwisho miaka mingi baadaye, wakati vijana wameanza kuvaa mashati ya chama na kuzungumza habari za kujitawala. Mkewe alikuwa amefariki, na punda pia. Yeye alikuwa ameketi uani ndani ya koti, ambalo sasa lilikuwa zaidi viraka kuliko koti, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Nilimpelekea kibuyu cha togwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nyumba gani?"

Nikamwambia. Akauliza nimepita kwa nani kabla ya kuja kwake. Nikasema sikupita kwa mtu. Akaniuliza habari za Elia, kisha za Raheli, kisha za Zakaria, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na hakuniruhusu kumtaja wa tatu kabla sijammaliza wa pili.

"Mzee," nikasema, "nimekuja na jambo. Ile togwa. Mimi niliionja Alhamisi. Nilijua ni pombe, nikanyamaza. Ulikaa benchi la nyuma miezi sita kwa kosa langu."

Akafikiri kwa muda mrefu, kama alivyofikiri siku ya punda.

"Wewe ulionja Alhamisi," akasema. "Mimi nilionja Jumatano."

"Jumatano ilikuwa tamu."

"Ndiyo. Ilikuwa tamu mno. Kwa togwa ile wangekuja wazee watatu wa kukubali, na wasingebeba boriti." Akapapasa magoti yake. "Orodha ya nyimbo karani aliimaliza Jumatatu. Mimi ndiye niliyemwambia aiandike upya."

Sijui kama alisema kweli. Mtu aliyekaa na daftari la vikao maisha yake yote anajua kusahihisha yaliyopita. Nilimtazama usoni nione kama anatania, lakini uso ulikuwa uleule wa mimbarini.

"Na punda, Mzee?" nikamwuliza. "Siku ya mama."

 Alitazama kule lilipokuwa zizi, ingawa hakuweza kuliona.

"Siku ile niliuliza maswali," akasema. "Nilipomaliza kuuliza, nilimtandika. Nilifika kwenu, nikakuta mlango wazi na kitanda hakipo."

 Nikajishughulisha na kibuyu, nikamimina kikombe, nikakiweka mikononi mwake nikavishikilia vidole vyake mpaka vikakikamata. Akakileta puani kwanza. Kisha akaonja kidogo, kwa ncha ya ulimi, kama mkaguzi.

"Umeipika lini?"

"Jana, Mzee."

Akanirudishia kikombe.

"Ifunike," akasema. "Tuahirishe mpaka Ijumaa."